Siku Tano Oslo kwa Pesa ya Dhahabu: Aende, Asiende?

Hoja iliyo mezani: kikundi cha wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, kitoe pesa ili mmoja wao aende Oslo, mji mkuu wa Norwei, kwa siku tano. Wanaojibizana ni mchimbaji mwenye leseni anayeitaka safari hiyo, mhasibu wa kikundi anayeipinga, bwana misitu mstaafu kutoka Shinyanga, na wakala wa safari wa Mwanza.

MCHIMBAJI: Watu wa Geita wanasafiri siku zote. Wanakwenda Dubai kwa wanunuzi wa dhahabu, wanakwenda Guangzhou kufuata mota na vipuri vya karasha za kusagia mawe, na hakuna anayewauliza wanafuata nini. Ikitajwa Oslo, maswali yanaanza. Huko kuna nchi ya watu wasiofika milioni sita iliyogundua mafuta baharini mwaka 1969. Mwaka 1990 ilitunga sheria ya mfuko wa kuhifadhi pesa ya mafuta, mwaka 1996 ikaweka fungu la kwanza, na mwisho wa 2024 mfuko ulikuwa umepita krona trilioni 19. Geita Gold Mine ilianza kazi mwaka 2000. Mtu aliyeishi robo karne kando ya uzio wa mgodi ule ana haki ya kwenda kuwaona waliochimba mali yao na bado wanayo.

MHASIBU: Mama, hizo takwimu umezipata wapi? Umezipata kwenye simu, hapa hapa. Mfuko ule unaandika kwenye tovuti yake kila kampuni unayomiliki hisa zake, nchi kwa nchi, na thamani yake inaonekana ikipanda na kushuka mtu akiwa amekaa kibandani Katoro. Benki Kuu yao, inayousimamia mfuko, haimfungulii mgeni mlango ikamwonyesha trilioni zikiwa zimepangwa rafuni. Atakachoona ni jengo. Sasa tuje kwenye hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam mara nyingi inapita shilingi milioni mbili na nusu. Chumba cha hoteli ya kawaida kinapita krona 1,000 kwa usiku. Ukijumlisha yote, hiyo ni pampu ya kutoa maji kwenye shimo la duara pamoja na magogo ya matimba ya msimu mzima. Mvua za masika zikikuta duara halina matimba ya kutosha, watu wanafukiwa.

MCHIMBAJI: Hakuna aliyesema matimba yasinunuliwe. Ila unaposema siku chache hazizai kitu, kuna mtu mmoja wa kukumbuka. Mei 1968 mjiolojia wa Iraq, Farouk Al-Kasim, alishuka Oslo asubuhi. Mkewe alikuwa Mnorwei, na walikuwa wanahamia huko ili mtoto wao mgonjwa apate matibabu. Treni ya kwenda kwa wakwe ilikuwa ya jioni. Badala ya kukaa stesheni kusubiri, alitembea hadi Wizara ya Viwanda kuuliza kampuni za mafuta zilizopo nchini, akitafuta kazi. Wizara ilikuwa na matokeo ya uchimbaji wa Bahari ya Kaskazini na karibu haikuwa na watu wa kuyasoma. Ikampa kazi. Baadaye akawa miongoni mwa walioijenga taasisi ya serikali ya kusimamia mafuta, na mkono wake umo katika namna Norwei ilivyojilinda mbele ya kampuni kubwa. Yote yalianza na mchana mmoja Oslo, akisubiri treni.

MHASIBU: Mfano huo unanisaidia mimi, mama. Al-Kasim hakwenda kuangalia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mafuta ya Iraq, na alikuwa na elimu ambayo wizara ile iliihitaji siku hiyo hiyo. Wala hakugeuza baada ya siku tano, alihamia. Pia hakuna kikundi kilichochanga nauli yake. Swali la kikundi ni jepesi: mchimbaji wa Nyarugusu akibisha hodi Oslo, anapeleka nini wasichokuwa nacho?

MCHIMBAJI: Anapeleka habari. Mfuko ule una kipande cha kampuni karibu zote kubwa duniani, na una Baraza la Maadili lililoundwa mwaka 2004 kuchunguza kampuni zinazoumiza watu au mazingira. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mfuko umeuza hisa zake zote za Barrick Gold kwa sababu ya taka za mgodi zilizokuwa zikimwagwa mtoni. Barrick ndiyo iliyokuwa na mgodi wa Bulyanhulu wakati huo, na iko Bulyanhulu hadi leo, ikishirikiana na serikali yetu kupitia kampuni ya Twiga. Mwaka 2013 Wizara ya Fedha ya Norwei iliagiza mfuko uibane AngloGold Ashanti kuhusu mazingira. AngloGold Ashanti ndio wenye Geita Gold Mine. Kampuni zote mbili zilizotuzunguka zimewahi kujadiliwa mezani Oslo, na hakuna mtu wa ukanda huu aliyekuwapo.

Madai hayo ya mchimbaji ni ya kweli, lakini kuna kitu amekiruka. Barrick ilitolewa kwa sababu ya mgodi wa Porgera, Papua New Guinea. Agizo kuhusu AngloGold Ashanti lilihusu Obuasi, Ghana. Mhasibu hakuliacha hilo lipite.

MHASIBU: Porgera na Obuasi. Bulyanhulu haimo, Geita haimo. Watu wa Obuasi walikwenda Oslo na begi? Baraza linafanyia kazi ripoti, vipimo vya maji, picha na maandishi, na linapokea taarifa kutoka kwa yeyote. Barua pepe haina nauli. Tena mama, ukifika mbele ya watu hao na habari za maji machafu, swali la kwanza litakuwa la zebaki. Norwei imepiga marufuku zebaki kwenye bidhaa tangu 2008. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Sisi kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu bado tunakamatia dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye bati, moshi wote puani kwa anayechoma. Msemaji wetu atajibu nini?

MCHIMBAJI: Atasema hivyo hivyo ulivyosema, kwamba zebaki ipo, na kwamba kifaa cha kuchomea kinachorudisha moshi kwenye chombo hakijafika kwa wengi. Mtu anayeficha uchafu wake hasikilizwi kuhusu uchafu wa jirani. Na barua pepe unayoisifu, baba, tuliwahi kuandika ngapi kwa ofisi za hapa hapa nchini? Majibu yako wapi?

Mpaka hapo mzee wa Shinyanga alikuwa kimya. Alipoanza kusema, hoja zilihamia kwenye miti.

BWANA MISITU: Wanangu, mnaizungumzia Norwei kana kwamba iko mbali. Ilikuja kwetu miaka ya 1980. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kwa awamu: kwanza kufukuza mbung'o, halafu kulima pamba, halafu kuhamia vijijini miaka ya 1970, mpaka watu wakaanza kuuita mkoa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulisaidiwa kwa pesa na shirika la misaada la Norwei, NORAD, hadi 2004. Kwanza tulijaribu kupanda miche ya kigeni kwenye vitalu. Kilicholeta matokeo kilikuwa ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lisiguswe wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikufika hata hekta 1,000. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ukatambuliwa kwenye tuzo ya kimataifa ya Equator.

Wageni wa siku chache niliwaona wengi miaka ile. Wapo walioteremka kwenye gari, wakapiga picha kitalu, wakaondoka. Wapo pia waliokuja wiki moja tu, lakini wakaketi kwenye baraza la dagashida, wakawasikiliza wazee wakipanga faini ya anayeingiza mifugo kwenye ngitili, wakauliza maswali mpaka jua likazama. Hao waliondoka wanaelewa. Kwa hiyo sikatai ziara fupi kwa sababu ya ufupi wake. Nauliza swali jingine. Matimba ya maduara yenu yanatoka wapi?

MCHIMBAJI: Yanatoka kwa wauzaji, mzee. Yanaletwa kwa malori na baiskeli.

BWANA MISITU: Yanatoka Bukombe, Mbogwe, Kahama. Bukombe ilikuwa ndani ya Shinyanga wakati wa HASHI, ikaja kwenu Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Kila duara linashuka na magogo yake, mita kwa mita. Mama, utaingia Oslo kuuliza pesa ya mafuta ilivyotunzwa, na nyuma yako miti iliyotunzwa kwa pesa hiyo hiyo ya Norwei inazama shimoni.

MHASIBU: Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Pesa ya nauli ipande miti ya matimba. Kikundi kiwe na shamba lake.

MCHIMBAJI: Shamba la miti ni hoja nzuri na nitaiunga mkono kwenye mkutano. Lakini mzee amenipa sababu nyingine ya safari. Karibu kilomita 80 kutoka Oslo kuna mji wa Kongsberg. Fedha, yale madini yenyewe, ilionekana huko mwaka 1623, mwaka uliofuata mfalme akaanzisha mji, na migodi ikafungwa mwaka 1958. Zaidi ya miaka 300 ya kuchimba. Mwamba ulipasuliwa kwa moto: unawasha rundo la kuni ukutani mpaka jiwe linapata nyufa. Misitu iliisha, na mfalme akawalazimisha wakulima wa maeneo ya jirani wapeleke kuni na mkaa mgodini. Hao ni watu waliowahi kuwa na tatizo la Bukombe. Leo mgodi ni makumbusho, na mji haukufa. Unaishi kwa viwanda vya teknolojia vilivyotokana na kiwanda cha silaha cha mwaka 1814. Kahama, mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021 na watu bado wanauliza kutakuwa na nini. Je, hilo nalo liko kwenye simu?

MHASIBU: Umelisema sasa hivi bila kwenda, mama.

Mchimbaji hakuwa na jibu la haraka. Ilibidi wakala wa safari aingie, kwa kuwa watatu hao walikuwa wanabishania safari ambayo hakuna aliyekuwa ameipanga hadi mwisho.

WAKALA WA SAFARI: Naomba nishushe mjadala kwenye makaratasi. Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen tangu 2001, kwa hiyo viza ni ile ile. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, kwa hiyo kuna safari nyingine ndani ya hii: Geita hadi Mwanza, ambayo imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kisha ndege hadi Dar. Bima ya afya ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mgeni aonyeshe pia kwamba ana krona 500 kwa kila siku atakayokaa.

Panapowakwamisha wachimbaji ni kwenye ushahidi wa kipato. Afisa wa viza anataka kuona pesa inavyoingia na kutoka benki, na sababu ya mtu kurudi nyumbani. Aliyeuza dhahabu yake kwenye soko la madini, ambalo Geita imekuwa nalo tangu 2019, ana stakabadhi zenye tarehe, uzito na mrabaha uliokatwa. Aliyemuuzia dalali usiku, hata kama ana pesa nyingi kuliko yule wa kwanza, hana karatasi hata moja. Leseni ya uchimbaji ni kielelezo kizuri cha kurudi, maana hakuna anayetoroka na kuacha eneo lake.

MHASIBU: Tuseme viza imetoka. Siku tano zinatosha nini?

WAKALA WA SAFARI: Ukweli ni kwamba ni siku tatu. Ya kwanza inaliwa na kuwasili, ya mwisho na kuondoka. Ukishuka uwanja wa ndege wa Gardermoen, panda treni ya kawaida. Ile ya haraka inafika stesheni ile ile kwa karibu bei mara mbili. Kuna pasi ya jiji ya saa 24, 48 au 72 inayolipia makumbusho, mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na boti za visiwani. Kwa ziara hii, ya saa 48 inatosha. Vya bure ni vingi: paa la jumba la opera lililofunguliwa 2008, ambalo watu wanalipanda kwa miguu kuanzia usawa wa bahari, maktaba kuu iliyo jirani yake, na bustani ya sanamu za Vigeland, isiyofungwa usiku wala mchana. Kula kwenye mikahawa kutammaliza mtu pesa. Mtaa wa Grønland una maduka ya wahamiaji ambako nyama ya halali na mboga zinapatikana kwa bei ya afadhali. Siku moja nzima iende Kongsberg.

MHASIBU: Opera na sanamu kwa pesa ya kikundi?

BWANA MISITU: Kijana, pale pana jengo moja ambalo ningelipia hata mimi. Tuzo ya Nobel ya Amani inatolewa ndani ya Ukumbi wa Jiji la Oslo kila Desemba 10. Mwaka 2004 alisimama mle Wangari Maathai, mama wa Kenya aliyepewa tuzo kwa kazi iliyoanza na kupanda miti. Sisi wa HASHI mwaka ule ndio tulikuwa tunafunga mafaili. Mwaka 2018 alisimama Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, akaueleza ulimwengu kinachowapata wanawake kwenye ardhi yenye madini. Anaongea Kiswahili kama sisi. Mchimbaji mwanamke wa Geita kuingia ukumbi ule na kujua nani alisimama pale kabla yake, hilo siliiti anasa.

MHASIBU: Basi aende Desemba, aione tuzo yenyewe.

WAKALA WA SAFARI: Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Halafu treni ya ndani ya mgodi wa Kongsberg kwa kawaida ni ya miezi ya joto. Vibehewa ni vidogo, vinaingia mlimani gizani kwa kilomita 2.3, mpaka mita 342 chini ya uso wa ardhi, na hata Juni kule ndani joto ni kama nyuzi sita. Akienda Juni atapata mgodi, na mwanga hadi karibu saa tano usiku, kwa hiyo siku zake tatu zinarefuka. Maombi ya viza yanaweza kuanza Desemba.

MHASIBU: Juni ndiyo mbaya kuliko miezi yote. Kiangazi kimeanza, maji yameshuka kwenye maduara, ndipo mawe yanatoka. Mwenye leseni akiondoka Juni, viroba vinavyokwenda karasha usiku vinahesabiwa na nani? Hasara hiyo haimo kwenye makisio ya nauli, lakini ni kubwa kuliko nauli.

MCHIMBAJI: Basi nauli nitoe mwenyewe, kwenye mgawo wangu. Kikundi kinipe barua tu, na maswali matatu yaliyokubaliwa: taarifa za vijiji vinavyozunguka migodi mikubwa zinalifikiaje Baraza la Maadili, Kongsberg waliandaa nini kabla ya mgodi kufungwa, na misitu yao waliirudishaje. Nikirudi nisome majibu mbele ya mkutano.

BWANA MISITU: Na kabla ya kupanda ndege, binti yangu, ulale siku mbili Shinyanga. Nitakupeleka kwenye ngitili zilizobaki, na zile zilizokatwa. Wakikuuliza Oslo pesa yao ya HASHI ilifanya nini, ujibu kwa ulichokiona.

MCHIMBAJI: Hilo nimelikubali, mzee.

MHASIBU: Akijilipia mwenyewe, nauli si hoja tena. Lakini barua inabaki. Barua ya kikundi inamfanya awe mdomo wa watu wote, na kikundi si wenye leseni peke yao. Kuna vijana wanaoshuka chini. Kuna akina mama wanaoponda mawe juani kwa ujira wa debe, na wengine wanaosubiri mchanga wa marudio wauoshe tena ili wapate cha kupika. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama Oslo iwemo kwenye ajenda, wala kama maswali matatu ya mama ndiyo maswali yao. Mimi barua hiyo siwezi kuipiga muhuri leo. Mkutano uitwe, waje wote, na mama aieleze safari yake kwao kwanza.

MCHIMBAJI: Uitwe Jumamosi, siku ya mgawo, maana siku nyingine hawatakuja. Na wewe ulete vitabu vyako vya hesabu, nao waone pesa ya pampu ya mwaka jana ilikwenda wapi.